Konokono Hana Hatia

Swali langu ni dogo, lakini limenisumbua kuliko mengi makubwa: je, nina haki ya kumuua konokono kwa ajili ya ua?

Namzungumzia konokono asiye na gamba, yule laini anayeacha utepe wa ute unaong'aa asubuhi. Ua lenyewe ni okidi. Namsaidia shangazi yangu kutunza kitalu nyumba pembeni mwa mji wa Arusha, na wateja wake ni wapambaji wa harusi na wenye hoteli. Okidi haina haraka. Nyingi huchanua mara moja tu kwa mwaka, na safari yake huanza na kikonyo chembamba chenye ncha laini kama chipukizi la mboga. Konokono huipenda hiyo ncha. Hutoka usiku, hupanda mguu wa meza, hula ncha ya kikonyo na ncha za mizizi mibichi, na jua likichomoza ameshajificha chini ya chungu. Mlo wake wa usiku mmoja ni mwaka mzima wa kusubiri kwetu. Maua hayo ndiyo yanayolipa karo za watoto wa shangazi, kwa hiyo swali hili si la mtu anayetafuta la kufikiria.

Jibu la kwanza ninalolisikia ni kwamba konokono ni mwizi. Silikubali. Mwizi anajua kwamba anachochukua ni cha mwenzake. Konokono anajua unyevu, giza na harufu ya jani. Nyumba hii tuliijenga sisi: tukaitia joto, maji na kivuli, tukawafungia nje ndege na vyura ambao wangemla. Mara nyingi hata mayai yake huingia pamoja na vyungu na magome ya miti tunayonunua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu tulimbeba wenyewe mpaka ndani, na mkono wa kushika jembe hana.

Jibu la pili ni kwamba konokono hasikii maumivu, basi hakuna cha kujadili. Hapa mambo yanakuwa magumu. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayoitaka serikali izingatie ustawi wa wanyama wenye hisia. Humo waliingizwa wanyama wote wenye uti wa mgongo, na pia pweza, ngisi, kaa na kamba. Konokono hakuingizwa, ingawa yeye na pweza ni wa kundi moja la moluska. Sheria haina budi kuchora mstari mahali fulani, lakini mstari wa sheria hauwezi kutuambia nani anaumia. Ni kweli kwamba konokono akiguswa hujikunja. Kifauwongo nacho hujikunja, na hatukiombi radhi tunapokikanyaga. Kujikunja peke yake hakuthibitishi kitu. Ila pale ambapo shaka ipo, na kumwepusha kiumbe na mateso kunanigharimu dakika chache tu, sioni sababu ya kuzinyima dakika hizo.

Jibu la tatu ndilo linalonivuta zaidi: okidi ni nzuri, konokono ni wa kutia kinyaa. Lakini nikifikiria Kitulo, uwanda wa Nyanda za Juu Kusini ambao watu huuita Bustani ya Mungu, jibu hili linayumba. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na ina aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Tishio kubwa kwa okidi za nyanda hizo limekuwa binadamu, anayechimba viazi vyake ili viuzwe Zambia, ambako husagwa na kupikwa na karanga kuwa chikanda. Mchimbaji hana chuki na maua. Ana njaa, au ana mteja. Uzuri tunaoutetea kitaluni kwetu, mahali pengine ni kitoweo. Siwezi kuufanya uwe hukumu ya kifo kwa konokono.

Nilimweleza shangazi haya tukiwa tunapanga vyungu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe una maswali, mimi nina karo ya Januari."

"Shangazi, sikatai tuwazuie," nikamwambia. "Nauliza tuanzie wapi."

Hapo ndipo ninaposimama. Haki ya kuilinda okidi tunayo, kwa sababu riziki ya watu inaitegemea. Lakini haki hiyo ina ngazi, na ngazi hupandwa kuanzia chini. Ngazi ya kwanza ni kumnyima sababu ya kuja: kumwagilia asubuhi ili usiku ukute pamekauka, kuokota majani yaliyooza, kuinua vyungu. Ya pili ni kumziba njia kwa utepe wa shaba kwenye miguu ya meza. Ya tatu ni kumtega kwa kipande cha tango, kumwokota alfajiri na kumpeleka kwenye shimo la mboji lililo mbali. Kuua ni ngazi ya mwisho, na hapo pia namna ya kuua ina uzito. Chumvi humnyonya maji mwilini akifa polepole huku akitoka povu, na huunguza mizizi ya okidi vilevile. Vidonge vya metaldehaidi huweza kumuua hata mbwa, na Uingereza ilipiga marufuku kuvitumia nje mwaka huohuo wa 2022.

Sisi wa Arusha tunaishi katikati ya mibuni, kwa hiyo kuna jambo moja lililonigusa. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walieleza katika jarida la Nature kwamba maji yenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2 huwaua konokono wa aina hii, na kwamba kafeini iliyo hafifu zaidi hupunguza hamu yao ya kula. Dawa ni ileile. Kiasi unachochanganya ndicho kinachosema ulikusudia nini.

Mtu ataniambia nafanya mzaha na maadili kwa kujali kiumbe kama hiki. Basi na tumtazame tembo. Anapoingia kwenye mahindi, wakulima wengi wa Afrika Mashariki wamefundishwa kutundika mizinga ya nyuki kwenye uzio, au kufunga kamba zilizopakwa oili na pilipili. Wote tunasifu: kwanza mzuie, kumuua kuwe mwisho kabisa. Ngazi hiyo tunaijua tayari. Tunaisahau tu mharibifu anapokuwa mdogo, mtelezi, na hana mtalii wa kumpiga picha.

Konokono wachache bado nawaua. Nawaua kwa pigo moja, bila chumvi, na siwaiti wezi. Walikuwa na njaa, nasi tukaweka chakula karibu yao.