Maua Matatu Juu ya Ngao

Mji mmoja mdogo wa Toscana, huko Italia, uliamua kufanya gwaride la mavazi ya kale. Koo zilizoishi humo karne ya 13 zilikuwa zipite barabarani na ngao na bendera zao. Ukoo mmoja, wa Waghibellini, yaani wafuasi wa Kaisari, haukuwa na ngao iliyosalia, hivyo mchoraji kijana akaombwa kuibuni upya. Mji huu na kijana huyu ni wa hadithi tu, lakini makosa yake yanafanywa hata leo, na mambo ya ngao yanayofuata ni ya kweli.

Kijana alijituma, na kujituma huko ndiko kulikomponza. Aliigawa ngao vipande vinne, kila kipande na mnyama wake. Juu akaweka kofia ya chuma, ubavuni simba wawili wanaoishikilia ngao, chini utepe wenye maneno ya Kilatini. Zambarau nayo hakuisahau.

Kumbe ngao za Toscana za wakati ule hazikuwa na mbwembwe. Milia michache ya mshazari, uwanja uliokatwa nusu kwa nusu, au kitu kimoja kikubwa kinachotambulika kwa mbali, basi. Mara nyingi kitu hicho, huko na kwingineko Italia, kililitamka jina la ukoo: Della Scala wa Verona walikuwa na ngazi, Colonna wa Roma nguzo, Carrara wa Padova mkokoteni mwekundu. Rangi nazo zilihesabika: dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, kisha nyekundu, buluu, nyeusi na kijani. Kwa kawaida nyekundu haikuwekwa juu ya buluu wala njano juu ya nyeupe, kwa kuwa ngao ilipaswa kusomeka hata katikati ya vumbi la farasi.

Hayo yote yangesameheka, maana anayetazama gwaride hahesabu simba. Lililomwaibisha ni pambo dogo kuliko yote. Katika kuzunguka kwake kijana alikuwa ameona, kwenye kuta za majumba mengi ya kale, ngao zenye ukanda wa buluu sehemu ya juu. Ndani ya ukanda kuna mstari mwekundu wenye meno manne yanayoning'inia kama ya kitana, na kati ya meno hayo maua matatu ya yungiyungi ya dhahabu. Akaona huo ndio Uitalia wenyewe, akauweka.

Mzee mtunza nyaraka wa mji alipoletewa mchoro, aliutazama akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "hawa watu umewavika alama ya waliowafukuza."

Maua yale yalikuwa ya Charles wa Anjou, mdogo wake mfalme wa Ufaransa. Meno mekundu yalimtofautisha na kaka yake, ndiyo maana yaliruhusiwa kukaa juu ya buluu. Charles aliitwa Italia na Papa, na mwaka 1266 akamshinda na kumuua Manfred, mfalme wa Sisilia aliyeungwa mkono na Waghibellini, kule Benevento. Ushindi huo uliwanyanyua Waguelfi, waliokuwa upande wa Papa, na ukawavunja Waghibellini, waliokuwa upande wa Kaisari. Koo za Waguelfi zikaanza kuweka maua ya Anjou juu ya ngao zao. Mghibellini akitaka kujitangaza aliweka tai mweusi kwenye uwanja wa dhahabu, tai wa Kaisari. Anayejua kusoma ngao alijua rafiki na adui kabla mtu hajafungua kinywa.

Florence ilikwenda mbali zaidi. Zamani nembo yake ilikuwa yungiyungi jeupe juu ya nyekundu. Mwaka 1251 Waghibellini walipotolewa mjini, Waguelfi wakazigeuza rangi: ua jekundu juu ya nyeupe, na ndivyo lilivyo hadi leo. Dante, mshairi wa mji huo, aliufahamu uzito wa mambo haya. Katika Jehanamu yake wakopeshaji wa riba hawatambuliwi kwa sura, bali kwa mifuko iliyotundikwa shingoni, kila mfuko na nembo ya ukoo: simba wa buluu wa Gianfigliazzi, nguruwe jike wa buluu wa Scrovegni wa Padova. Kwa maoni yangu hakuna somo la ngao linaloupita ukurasa huo.

Kijana alijitetea kwamba ukoo huo umekwisha, nani atalalamika? Hapo alikuwa na nusu ya haki. Bartolo da Sassoferrato, mwanasheria aliyefundisha Perugia na kufariki mwaka 1357, aliandika kwamba mtu yeyote anaweza kujitwalia nembo, kama anavyoweza kujitwalia jina, mradi asimdhuru mwenye nembo hiyo kabla yake. Hukuhitaji mfalme akupe ngao. Lakini uhuru huo ni wa kuchagua alama yako mwenyewe. Haukuwa leseni ya kumwekea marehemu kauli ambayo alifukuzwa kwa kuikataa.

Basi wewe unayetaka kuchora ngao ya Kiitalia ya miaka hiyo, weka rangi pembeni kwanza. Tafuta ukoo ule ulisimama upande gani mwaka 1266, na nani aliufukuza au wenyewe ulimfukuza nani. Ukikosa jibu, iache sehemu ya juu tupu. Ngao nyingi za wakati ule hazikuwa na kitu hapo.