Aliyefunua Kombe Sinza

Wahenga wetu hawakutuachia methali zinazokubaliana. Walisema funika kombe mwanaharamu apite, na sote tunajua walikusudia nini: aibu ya nyumba isitolewe barazani, ya wakubwa yasianikwe mbele ya watoto. Hao hao wakasema mficha maradhi kilio humfichua. Ukizichukua zote mbili kama amri utakwama, maana moja inakuambia nyamaza na nyingine inakuambia sema. Nimekuja kuamini kwamba walifanya kusudi. Walitaka kila kizazi kichague upya, baada ya kuchungulia kilichomo ndani ya kombe.

Katika jiji la Dar es Salaam, mtunzi wa nyimbo aliyechagua waziwazi kuliko wote ninaowafahamu ni Remmy Ongala. Makondakta wa daladala bado wanamtaja kila siku bila kufikiri. Kituo chake kiko Sinza, kinaitwa Kwa Remmy, na wengi wanaoshuka pale na mikoba yao ya shule walizaliwa baada ya gitaa lake kuwekwa chini. Alipokuwa akiishi pale, Sinza ilikuwa Kinondoni. Sasa iko chini ya Manispaa ya Ubungo. Wilaya zimegawanywa, jina la kituo limebaki.

Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Mwenyewe alisimulia kwamba mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, mganga akampa masharti ya uzazi, na mtoto alipokuja alikuja na meno mawili ya mbele tayari mdomoni. Nywele zake hazikutakiwa kukatwa. Kwao hiyo ilikuwa alama ya mtu atakayeganga, ndiyo maana baadaye watu walipomwita Dokta hakuna aliyeuliza chuo. Wazazi wakamtoka angali kijana, muziki ukawa ndio shamba lake. Mwaka 1978 akaingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa na Super Matimila, bendi iliyobeba jina lake mpaka Ulaya.

Watu hupenda kumuuliza mtunzi maneno anayatoa wapi. Kwa Remmy jibu liko katika majina ya nyimbo zenyewe: Siku ya Kufa, Kifo, Mnyonge Hana Haki. Wa kwanza ulizaliwa na msiba wa rafiki. Na aliyewahi kukaa msibani uswahilini, tangu turubai linapofungwa katikati ya mtaa mpaka siku ya kuanua matanga, anajua kwamba hakuna darasa linaloushinda msiba. Wanawake wako ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye mabenchi, wengine wamekwenda kuchimba kaburi. Daftari la rambirambi linapita. Hapo unasikia marehemu alizungushwa wapi kabla ya kupata kitanda, nani alidaiwa kitu kidogo ili faili lionekane, ndugu yupi ameanza kuulizia hati ya kiwanja kabla udongo haujakauka. Hayaandikwi gazetini. Yanasemwa kwa sauti ya chini, kikombe cha chai mkononi, na asiyekaa hayasikii.

Ndiyo busara ninayoiona katika kazi ya mtu huyu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na Remmy alikilalia. Alikuwa mgeni, yatima, mtu ambaye watu walimcheka sura naye akalichukua jina la Sura Mbaya akalivaa. Alipoimba kuhusu mnyonge hakuwa amepanda juu ya jukwaa la mwalimu. Tofauti hiyo husikika. Msikilizaji wa Manzese au Temeke ana sikio kali sana kwa mtu anayemwonea huruma kutoka mbali. Atacheza wimbo wake, lakini hatauamini. Albamu yake iliyotolewa Uingereza na kampuni ya Real World mwaka 1989 iliitwa Songs for the Poor Man, na nina hakika walionunua kaseti zake Kariakoo hawakuhitaji kuambiwa ni za nani.

Tena kuna jambo la nani alilipia vyombo. Bendi kubwa za enzi ile nyingi zilikuwa mali ya taasisi. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiwa NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi. Sikinde ilikuwa ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vijana Jazz ilikuwa ya jumuiya ya vijana ya chama tawala. Walitunga nyimbo nzuri mno juu ya ndoa, majirani na ulevi, nami sitakubali mtu aseme hawakuwa na busara. Lakini aliyepewa gitaa na taasisi hujua mapema mahali wimbo unapopaswa kukoma. Super Matimila ilikuwa ya mtu binafsi. Njaa ilikuwa kubwa zaidi na kamba ilikuwa ndefu zaidi.

Kisha likaja la ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walithibitishwa Kagera mwaka 1983. Kufikia mwisho wa muongo ule, mitaa ya Dar es Salaam ilikuwa ikizika vijana na kusema ni malaria, ni homa ya matumbo, ni mkono wa mtu. Kombe lilifunikwa na kila mmoja: familia kwa aibu, viongozi wa dini kwa hofu ya kuonekana wanaruhusu zinaa, serikali kwa kusitasita. Remmy akatunga Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu, na hakuna mtu mzima aliyehitaji kufafanuliwa. Radio Tanzania ikakataa kuupiga.

Tukumbuke uzito wa kukataa huko. Wakati ule Tanzania Bara redio ilikuwa moja. Radio One haikuanza mpaka mwaka 1994. Studio ya kurekodia bendi ilikuwa hapo hapo redioni, na mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Wimbo uliofungiwa mlango huo ulikuwa umefungiwa Bara nzima, au ndivyo walivyodhani. Ukatoka kwa kaseti, ukapigwa kwenye baa, ukapandishwa kwenye daladala. Ukaingia pia katika albamu ya Mambo ya mwaka 1992. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na mara hii werevu walikuwa abiria wa Mwenge na Tandika.

Nisingependa kuwahukumu waliokataa. Walikuwa na adabu ya kweli, ile iliyotulea, inayosema kwamba neno la chumbani halipigwi mchana baba akiwa amekaa na mkwewe. Remmy mwenyewe aliiheshimu kuliko wanavyodhani wanaomsifu. Angeweza kukitaja kitu kwa jina lake la duka la dawa. Akachagua soksi, akalivisha neno nguo kama walivyofanya watunzi wa taarabu na wazee wa unyago kabla yake. Alichokataa ni kuacha kusema kabisa. Mzee anayemfunda mwari hutumia mafumbo, lakini hamwachi mwari aondoke bila kujua. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo mtu masikini wa Temeke alikuwa na kinga moja tu aliyoweza kuinunua, na taifa lilikuwa linaona haya kuitaja. Rais Mkapa alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999. Hesabu mwenyewe miaka kati ya albamu ile ya 1992 na tangazo hilo, kisha ufikirie turubai ngapi zilifungwa mitaani kwa miaka hiyo.

Kazi hii ina ukoo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880 na kuuza vyungu kwa miguu, aliimba habari za mahakama za mjini kwake wakati wanawake wa hali yake hawakuwa na pa kusemea. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mauaji ya mwanamke aliyekuja Zanzibar kutembea: mtuhumiwa akatorokea bara, na walioadhibiwa wakawa wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Sauti yake ilirekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, na Shaaban Robert, mtu asiyetumia wino wake ovyo, akaona inafaa kuandika wasifu wake. Mwandishi mkubwa wa maadili aliona mwimbaji wa mtaani ni kielelezo cha maadili. Hilo limesahaulika katika mijadala yetu ya leo, ambapo wimbo hujadiliwa kama tatizo la malezi tu.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka ule ule wa 1978 Remmy alipoingia Dar es Salaam, kule Ufilipino Freddie Aguilar alitoa Anak, wimbo wa mtoto aliyewaacha wazazi wake wakilia, ukaenea dunia nzima. Miaka mitano baadaye, mwanasiasa Benigno Aquino alipouawa uwanja wa ndege wa Manila, Aguilar alisimama na kuimba Bayan Ko, wimbo wa kizalendo ambao utawala wa Marcos haukutaka kuusikia. Kundi la Asin nalo likaimba juu ya mito iliyochafuliwa na miti iliyokatwa. Gitaa, lugha ya nyumbani, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Mtu wa Sinza angewaelewa bila mkalimani.

Zama zetu nazo zimepimwa. Machi 2017 mwimbaji Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake Wapo. Siku iliyofuata waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza aachiwe, na kwamba wimbo upigwe. Wengi tulifurahi, kwa haki. Wiki mbili hazikupita, mwimbaji mwingine, Roma Mkatoliki, akatekwa na watu wasiojulikana akiwa studio hapa jijini pamoja na wenzake, wakaonekana siku chache baadaye wakiwa na majeraha. Nayaweka pamoja kwa sababu wazee hufundisha kwa kuyaweka pamoja. Kibali kinachotegemea hisia za mkubwa mmoja kwa siku moja hakimlindi mtunzi. Kinachomlinda ni mtaa unaojua kwamba neno lake ni neno lao, ukamuulizia anapokosekana.

Na mtaa una mengi ya kusemewa. Nenda Mbagala Rangi Tatu jioni, sikiliza akina mama wauza mbogamboga na dagaa. Habari yao ni kausha damu. Mkopo wa haraka, riba ya kukata pumzi, marejesho ya kila siku au kila wiki, na siku mkono unapokuwa mtupu wanakuja kubeba godoro, televisheni, jiko la gesi, mbele ya watoto. Wapo walioacha ndoa, wapo waliohama usiku. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, na kuzizuia. Ni hatua njema, lakini mwenye kudaiwa na kikundi cha mtaani hakopi kwa programu. Anakopa kwa mtu anayemjua, na anafunika kombe, kwa sababu mume hajui.

Humo humo mitaani, Tandale, Manzese, Temeke, vijana wamezaa singeli, muziki wa mbio ambao wazee wengi huufungia dirisha. Nawasihi wasilifunge. Najua kelele za ngoma ya kigodoro usiku kucha ni mateso kwa mgonjwa, na kuna mashairi humo ambayo siyatetei. Lakini Temeke ndiyo iliyotupa mwimbaji Juma Nature, na wakati wake pia walisema ni uhuni, mpaka waliposikiliza vizuri wakakuta mtu anayeeleza dhiki ya kijana wa mjini kwa usahihi uliowashinda wasomi. Kijana wa leo ana simu na kompyuta ya kuazima, hasubiri kamati ya redio. Upungufu wake ni mwingine: hajakalishwa. Hakuna aliyemvuta benchi msibani akamwambia nini hasa kimemuua marehemu. Ana kasi, ana ujasiri, na hana kisa, basi anaimba juu ya kasi na ujasiri wake.

Remmy aliugua miaka yake ya mwisho, akaokoka, akauacha muziki wa dansi na kuimba Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Wapo wanaosema alizikana nyimbo zake za zamani, lakini mtu aliyetumia maisha akikiuliza kifo maswali, kisha akakigeukia kiti cha Mungu na maswali yale yale, mimi simwoni amebadilisha kazi.

Wimbo wa kausha damu unaoweza kusimama kando ya Mambo kwa Soksi sijausikia bado. Maneno yake yapo tayari Rangi Tatu, yanasemwa na wauza dagaa kila jioni, na watunzi wanapita mbele ya meza hizo wakienda studio. Wapunguze mwendo, wanunue fungu, waulize.