Mgeni Asiyeifikia Siku ya Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huichukulia methali hii kuwa ni utani wa kumfukuza mgeni mvivu. Mimi naiona kuwa ni kanuni ya haki. Siku mbili za mwanzo mgeni hupokea, na siku ya tatu huanza kutoa. Anayekula chakula cha nyumba hana budi hatimaye kushika kazi ya nyumba. Hata hivyo, methali hii haikumfikiria mgeni wa siku hizi, anayefika saa tatu asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Huyo haioni siku ya tatu kamwe. Swali ninalolijadili katika insha hii ni hili: mtu anayezuru magofu na visiwa kwa siku moja tu ana wajibu gani kwa watu wa mahali pale, waliokufa na walio hai? Je, tiketi aliyolipia yatosha kuwa jembe lake?

Nalitazama swali hili kutoka pande mbili. Nimezaliwa na kukulia Nyakalengija, wilayani Kasese, kwenye lango ambalo wageni wengi hupitia kuingia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori. Kwetu mimi ni mwenyeji. Nimewaona wageni wakishuka magarini, wakifunga viatu na kuelekea kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, wakifuatwa na watu wa kwetu waliobeba mizigo yao. Baba yangu mdogo ni mmoja wa wapagazi hao. Lakini katika mwaka wa pili wa masomo yangu tulikwenda ziara ya kimasomo Zanzibar, na huko mgeni nilikuwa mimi. Tulilala Mji Mkongwe, uliokuwa makao ya masultani, na siku moja tukaitumia yote kuzunguka: asubuhi kwa mashua hadi kisiwa cha Changuu, mchana kwa gari hadi magofu ya Maruhubi na Mtoni, kisha Mangapwani. Jioni tulikuwa Forodhani tukila urojo. Ilikuwa siku nzuri sana, na ndiyo maana naona inafaa kuhojiwa.

Nianze na hoja iliyo rahisi kuliko zote: tiketi ndiyo jembe. Fedha ni kazi iliyogeuzwa umbo. Mgeni alifanya kazi kwao akalipwa, na malipo hayo anamkabidhi nahodha wa mashua, mwongoza watalii, mama muuza chakula na serikali inayotunza magofu. Hakuna anayemdai kitu. Siidharau hoja hii, na mtu yeyote wa Nyakalengija hawezi kuidharau. Ada yangu ya sekondari ilitoka mgongoni mwa baba mdogo, mzigo baada ya mzigo. Wazee wetu husimulia miaka ya 1997 hadi 2001, hifadhi ilipofungwa kwa sababu ya waasi, jinsi mlima ulivyobaki palepale na njaa ikaingia majumbani. Anayesema kwamba fedha za wageni ni uchafu hajapata kuzikosa.

Hata hivyo, hoja hiyo inajibu nusu tu ya swali. Fedha humlipa aliye hai kwa huduma aliyoitoa, lakini watu tuliokwenda kuwaona hawakuwepo kupokea chochote. Hakuna anayekwenda Maruhubi kwa ajili ya muuza tiketi. Tunakwenda kwa ajili ya Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kulijenga jumba lile, na kwa ajili ya wanawake waliokaa humo kabla halijaungua mwaka 1899. Yaliyobaki ni nguzo zilizokuwa zikibeba roshani, hamamu, na madimbwi yaliyomea yungiyungi. Tunachokilipia hasa ni maisha ya watu, na watu wenyewe hawamo katika mapatano.

Hapa huenda mtu akauliza: je, maiti anaweza kudhulumiwa? Mwanafalsafa wa Kiyunani Epicurus alifundisha kwamba kifo si kitu kwetu, kwa maana tukiwapo sisi kifo hakipo, na kikiwapo kifo sisi hatupo. Tukimfuata, basi magofu ni mawe, na mtu hawezi kuyakosea mawe. Lakini John Mbiti, Mkenya aliyefundisha kwa miaka mingi Makerere, alilitazama jambo hili kwa namna nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Kwa maelezo yake, aliyekufa hubaki ndani ya Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Akiondoka wa mwisho anayemjua, naye huzama katika Zamani, bahari ya wasio na majina.

Mtu anaweza kumpinga Mbiti katika mengi, lakini hapa anatupa kipimo kinachotumika. Kama kukumbukwa kwa jina ndiko kunakomweka marehemu karibu na walio hai, basi ipo dhuluma inayoweza kumfika hata akiwa kaburini: kukumbukwa kwa uongo, au kusahauliwa na watu wanaokula kwa kisa chake.

Tuipime siku yetu kwa kipimo hicho. Pale Maruhubi tulisimuliwa kwamba sultani alikuwa na mke mmoja na masuria tisini na tisa, na mwongozaji akatutania wavulana kama tungeziweza gharama. Tulicheka sote. Simlaumu, kwa kuwa alikuwa na robo saa tu, na mzaha ule ameona unapendwa. Lakini neno suria lina maana. Ni mwanamke asiye huru, mara nyingi aliyetekwa au kununuliwa akiwa mtoto. Nani alikuwa wa arobaini na tatu kati yao? Alitoka wapi, na mama yake alimtafuta kwa muda gani? Katika mzaha ule wanawake wote ni hesabu tu, na mwenye jina ni mmoja, bwana wao.

Mwendo wa dakika chache kwa gari kutoka hapo lipo gofu la Mtoni, na huko mambo ni tofauti kwa sababu moja tu. Mwaka 1844 alizaliwa pale Sayyida Salme, binti wa Sultan Seyyid Said, ambaye baadaye aliishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Mama yake alikuwa suria, Mcherkesi aliyetenganishwa na wazazi wake angali mdogo. Aliitwa Jilfidan. Twalijua jina hilo kwa kuwa binti yake aliliandika. Kalamu moja ilitosha kumtoa mwanamke mmoja kwenye hesabu na kumrudisha kwenye watu, na hao wengine hawakupata mtoto mwenye kalamu.

Changuu nako kuna somo. Kisiwa hicho hutangazwa kwa wageni kuwa ni kisiwa cha gereza, na jengo la gereza kweli lipo, lilijengwa mwaka 1893. Ila halikutumika kama gereza. Liligeuzwa kuwa karantini ya kuwatenga abiria wa meli walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Kabla ya hapo kisiwa kilitumiwa kuwafungia watumwa waliokaidi. Basi wafungwa halisi wa kisiwa hiki ni watumwa na wagonjwa, lakini jina linalouzwa ni la gereza lisilofunga mtu. Nasi, nikisema kweli, muda mwingi tuliutumia kwa kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Kobe anapendeza na hamsumbui mtu moyo.

Mangapwani peke yake palitunyamazisha. Ni chumba kilichochimbwa chini ya ardhi karibu na bahari, watu walimofichwa baada ya biashara ya watumwa kwa njia ya bahari kupigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873. Tuliingia, tukatoka, hakuna aliyepiga picha ya kutabasamu. Ndipo nilipowaza kwamba kuna mahali ambapo mgeni hujua mwenyewe kwamba anadaiwa, bila kuelezwa na mtu.

Je, suluhisho ni kutokwenda kabisa? Wapo wanaodai kwamba utalii wa haraka ni aina ya wizi na heri ukome. Sikubaliani nao. Gofu lisilotembelewa halipumziki kwa amani. Huliwa na mizizi, chumvi na waokota mawe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kazi kama hiyo hufanyika kwa sababu kuna watu wanaojali, na huwezi kulijali usilowahi kulisikia. Beit el Ajaib lenyewe, jumba la mwaka 1883 lililo mbele ya Forodhani, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mchana kweupe, mbele ya mji unaolipenda. Kuyaacha majengo yaanguke kwa kuogopa kuyatazama vibaya si heshima.

Wengine husema dawa ni kukaa muda mrefu: anayekaa mwezi anajua, anayekaa siku hajui. Hoja hii ina ukweli, ila haitoshi. Kwetu Nyakalengija wamo waliozaliwa chini ya mlima na hawajawahi kuikanyaga theluji yake. Kukaa si kujua. Tena wapo wageni waliokaa miezi na kuondoka na kisa cha uongo. Msafara wa Stanley uliondoka Zanzibar mwaka 1887 ukiwa na Wazanzibari zaidi ya 600, wengi wao wapagazi. Ulivuka misitu ya Kongo na mwaka 1889 ukapita chini ya milima yetu hadi Katwe kwenye ziwa la chumvi. Wengi wa watu hao hawakurudi kwao. Vitabu vya shule hutaja kwamba Stanley aliuona mlima. Waliombebea chakula, risasi na daftari waliuona pia, na Wakonzo walikuwa wakiutazama kila asubuhi, lakini sifa ya kuona imebaki kwa mmoja. Kwa hiyo dhuluma ninayoizungumzia haitokani na uchache wa saa. Inatokana na kukubali kisa kimsahau aliyebeba mzigo.

Kutokana na hayo naona jembe la mgeni wa siku moja lipo, nalo si zito kupita nguvu zake. Ni kuuliza swali moja ambalo ratiba haikuliweka: nani mwingine alikuwepo hapa? Kisha ni kukirudisha kisa nyumbani kikiwa na uzito wake, bila kukipunguza ili kipendeze. Aliyeona kobe aseme pia karantini. Aliyecheka Maruhubi amtaje Jilfidan. Kazi hii haihitaji siku ya tatu mahali pale. Inaweza kufanywa siku ya tatu baada ya kurudi, na ndipo methali inapotimia.

Lakini mgeni hawezi kuuliza kama mwenyeji amefunga mlango wa jibu, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Wazee wa kwetu husema kwamba juu kwenye theluji yupo Kitasamba, na kwamba mlima huingiwa kwa adabu. Baadhi ya waongozaji wamegundua kwamba wageni hufurahia kisa hicho kikitiwa chumvi, kikawa cha kuogofya kidogo na cha kuchekesha kidogo. Hulipa bakshishi nzuri. Likizo ijayo nami nitaanza kazi ya usaidizi wa mwongozaji katika matembezi ya siku moja vijijini, kwa hiyo suala hili kwangu si la darasani tu. Wahenga walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anapona kwa fedha, sawa. Ila anayesimulia mzaha juu ya babu zake mara mia kwa mwaka, ipo siku watoto wake watakijua kisa kwa umbo hilo peke yake. Mgeni ataondoka na picha, na uongo utabaki kwa mwenyeji, nyumbani mwake.

Kwa hiyo nimeamua jinsi nitakavyosimulia. Nitamtaja Kitasamba kama bibi yangu anavyomtaja, kwa sauti ya chini na bila mzaha. Akiulizwa jambo ambalo wazee hawapendi litangazwe, nitasema kwamba hilo halisimuliwi, na mgeni atajua kwamba kuna chumba ambacho tiketi yake haikifungui. Nitawaeleza pia habari za wapagazi, wa zamani na wa leo. Huenda bakshishi ikapungua, na kwa familia kama yetu huo si mchezo. Lakini siwezi kuwadai wageni ukweli ambao mimi mwenyewe nimeuza. Jembe lina mpini wa watu wawili: mgeni hushika upande wa kuuliza, mwenyeji upande wa kusema kweli. Mmoja akiachia, shamba halilimwi.