Wanafunzi Wakutanapo Tena

Kwa Kiswahili neno ni moja tu: mwanafunzi. Mtoto ashikaye kibao chake mbele ya mwalimu ni mwanafunzi. Petro, Andrea na Yoane, waliomfuata Bwana Yesu, nao huitwa wanafunzi. Kwa hiyo mkatekumeni asikiapo kwamba wanafunzi wa zamani wa shule fulani wameitana wapate kuonana, asiseme moyoni: Hiyo ni habari ya makarani na walimu wa mjini. Yeye naye yumo darasani. Wale waketio naye leo penye benchi moja watatawanyika, mmoja kwenye machimbo, mmoja mtoni, mmoja mahali pasipojulikana. Na baada ya miaka mtu ataleta habari kwamba waliosoma pamoja wanaitwa.

Katika nchi ya Kongo mikutano ya namna hii ni ya zamani. Mapadri wa Scheut waliingia nchini mwaka 1888, wakafungua misioni na shule. Mwaka 1925, katika mji wa Léopoldville, ambao leo huitwa Kinshasa, Padri Raphaël de la Kethulle, yule aliyeitwa na watu Tata Raphaël, aliunda chama cha vijana waliotoka katika shule za Mapadri hao. Jina la chama kwa kifupi lilikuwa ADAPES. Waliosoma kwa Mabruda nao wakawa na vyama vyao.

Vyama hivyo vilikuwa na maana kubwa kuliko watu wengi wanavyofikiri. Kijana aliyemaliza masomo aliingia mji wenye kabila nyingi, mbali na baba na mama. Akiugua, nani amletee maji? Akifiwa, nani akeshe naye? Mtu wa kwanza kumfikiri alikuwa yule aliyeketi karibu naye akijifunza kusoma. Tena siku zile Serikali ya Wabelgiji haikuwaachia Wakongo nafasi ya kuunda vyama vya siasa. Basi mambo mazito ya nchi yakasemwa katika mikutano ya waliosoma pamoja. Mwaka 1946 Joseph Kasa-Vubu alisimama mbele ya UNISCO, umoja uliokusanya watu wa vyama hivyo, akasema juu ya ardhi na haki ya wale walioikaa kwanza. Hawakukutana ili kukumbuka nyimbo za utoto tu.

Tazameni habari za mtu huyo. Mwaka 1928 aliingia Seminari Ndogo ya Mbata-Kiela, na baadaye akapelekwa Kabwe, katika nchi ya Kasai, kusoma filosofia. Lakini hakufika kwenye Upadri. Mwaka 1939 masomo yale yaliisha kwake, akawa mwalimu, kisha karani. Kila mtu wa kijijini anajua jinsi kijana anavyotazamwa arudipo kutoka seminari bila Upadri: watu humsalimu vizuri mbele yake, na akiisha kupita hunong'ona. Hata hivyo jambo hilo halikumfungia mlango wa chama. Mwaka 1946 akawa katibu mkuu wa ADAPES. Huko Kabwe alisoma pia Joseph Malula, aliyepewa Upadri mwaka ule ule wa 1946, na mwaka 1969 akafanywa Kardinali. Kasa-Vubu akawa Rais wa kwanza wa nchi, mwaka 1960. Nani angeweza kujua, penye madawati ya Kabwe, nani atakuwa nini?

Wala isidhaniwe kwamba kukutana huondoa mashindano. Jean Bolikango, aliyeiongoza ADAPES miaka mingi, ndiye aliyeshindana na Kasa-Vubu wabunge walipochagua Rais mwezi wa Juni 1960. Kasa-Vubu alipata kura 150, Bolikango 43. Baadaye Bolikango alishika kazi ya uwaziri zaidi ya mara moja wakati wa Rais huyo huyo. Waliosoma pamoja wanaweza kuwa na mashauri mbalimbali. Hilo si dhambi. Dhambi ni nyingine, tena ni ndogo machoni, ndiyo maana haiungamwi mara nyingi.

Dhambi hiyo ni kupimana. Mwaka 1948 Serikali ya wakati ule ilianza kuwapa Wakongo wengine kadi ya sifa, kuonyesha kwamba wameendelea kuliko wenzao. Watu wawili waliofundishwa na Padri mmoja, katika kitabu kimoja, sasa mmoja ana kadi na mwingine hana. Kadi hiyo imepita pamoja na Serikali iliyoitoa, lakini mioyo haikuacha kuandika kadi zake. Wakutanapo wanafunzi wa zamani, salamu ya kwanza huwa ya furaha. Swali la pili huwa: Wewe siku hizi unafanya kazi gani? Na macho hushuka kutazama viatu.

Barua ya mwito hufika pia kijijini. Mwenye kuipokea ni mtu aliyeacha shule kwa sababu baba yake alikufa na wadogo wake walikuwa na njaa. Ana shamba la mihogo na watoto sita. Anaisoma barua mara mbili, maana bado anajua kusoma vizuri kuliko jirani zake wote. Anafurahi, anamwambia mkewe majina ya wenzake wa zamani. Kisha anafika penye mstari wa mwisho, ambapo kiasi cha mchango kimeandikwa. Anafungua sanduku, anatazama shati lake. Siku ya mkutano anasema ana homa. Homa hana.

Wenye kuandika barua hudhani wametenda haki kwa kuwa mchango ni sawa kwa wote. Lakini fedha ile ile ni bia ya jioni moja kwa huyu, na kwa yule ni chumvi na sabuni ya nyumba yake kwa mwezi mzima. Mtume Paulo alikuta jambo kama hilo kwa Wakristu wa Korinto. Walikusanyika kula pamoja, lakini wenye vyakula vingi walitangulia kula, hata wengine wakalewa, na maskini wakabaki na njaa, wameaibishwa mbele ya ndugu zao. Paulo hakuwasifu. Aliwaagiza wangojane. Ni amri ndogo, ya watu wa mezani, wala haihitaji elimu kubwa kuielewa.

Sasa isikilizwe Evanjili ya Mtakatifu Yoane, penye sura ya mwisho. Bwana Yesu amekwisha kufufuka. Wanafunzi saba wako pamoja kando ya bahari ya Tiberiadi: Simoni Petro, Tomaso, Natanaeli, wana wawili wa Zebedayo, na wengine wawili. Wale Kumi na Wawili hawakuwa kumi na wawili tena, kwa maana Yuda alikwisha kupotea. Na huyo Petro, aliye wa kwanza kati yao, alimkana Bwana wake mara tatu karibu na moto wa makaa. Ule ulikuwa mkutano wa wanafunzi wenye aibu.

Usiku kucha hawakupata kitu. Asubuhi, kwa neno la Bwana, wakapata samaki wakubwa 153. Walipofika pwani waliona moto wa makaa tena, na juu yake samaki, na mkate. Yesu aliwapa kwanza chakula. Hakumwuliza Petro habari ya ule usiku akiwa bado na njaa na nguo zimelowa maji. Walipokwisha kula ndipo alipomwuliza, nalo swali halikuwa juu ya kosa, lilikuwa juu ya mapendo. Na wale wawili ambao Yoane hakutaja majina yao wafikiriwe kidogo. Hakuna ajuaye walikuwa nani katika wale wanafunzi. Lakini walikula samaki wale wale aliokula Petro.

Hata baada ya neema hiyo, Petro aligeuka, akamwona mwenzake aliyependwa, akauliza huyo atapata nini. Ugonjwa wa darasani ulikuwa bado haujamtoka! Bwana alimjibu kwamba jambo la huyo si lake. Kazi yake yeye ni kufuata.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, aliagiza wakatekumeni wa misioni zake wafundishwe miaka minne kabla ya Ubatizo. Katika miaka hiyo wengi walianza, na si wote walimaliza. Huyu alizuiliwa na shauri la ndoa, huyu alikwenda kutafuta kazi mbali, huyu alichoka tu. Leo pia ni hivyo. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo waliobatizwa siku moja wanataka kukutana tena, mkatekista afungue kitabu cha majina ya darasa lote, asichukue majina ya waliobatizwa peke yao. Waliokufa waombewe kwanza, kila mtu kwa jina lake. Kisha yatafutwe majina ya wale ambao hakuna aliyewaona siku nyingi. Na kwa hao barua haitoshi, inafaa watu wawili waende kwa miguu mpaka nyumbani. Wasiende kuuliza kwa nini aliacha. Mchango wake, kama ni kikapu cha mihogo, upokewe na kupikwa siku ile ile pamoja na nyama ya wengine.

Tomaso pia hakuwapo jioni ya Pasaka, wenzake walipomwona Bwana. Yoane haandiki alikuwa wapi. Wenzake walimwendea, wakamwambia. Yeye akawajibu kwa ukali kwamba hatasadiki. Hawakumfukuza, wala hawakufuta jina lake. Siku nane zikapita. Wanafunzi walikuwa tena ndani ya nyumba, milango imefungwa, na Tomaso alikuwamo.