Bei ya Ujuzi wa Fundi Magari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husemwa zaidi juu ya biashara, lakini ujana nao ni mali, na kwa mtoto wa maskini pengine ndiyo mali pekee aliyozaliwa nayo. Kijana anayetaka kuwa fundi wa magari hutoa sehemu ya ujana wake ili apate ujuzi. Je, ni halali kwake kuuliza, kabla hajatoa, atarudishiwa nini? Na akiuliza, ajibiwe kwa hesabu ya namna gani?

Wako watu waonao kuwa swali la kwanza ni aibu. Elimu, wasema, ni nuru, na nuru haipimwi kwa mizani ya duka. Kauli hii ni nzuri, walakini aghalabu hutoka vinywani mwa walioshiba. Baba aliyeuza ng'ombe, au mama aliyetoa fedha zake za upatu ili mwanawe asome, hakutoa ziada; alitoa akiba ya siku ya ugonjwa. Kumkataza asihesabu ni kumtaka afumbe macho wakati wa kuvuka barabara. Mwaka 1965 Philip Foster, aliyechunguza elimu ya Ghana, alieleza kwamba vijana waliotamani kazi za ofisini kuliko za ufundi hawakupotoshwa na masomo yao. Waliona malipo yalikokuwa, wakayafuata. Mahubiri juu ya heshima ya kazi za mikono hayana nguvu mahali ambapo mshahara unahubiri kinyume chake.

Basi kuhesabu ni haki, na kwa mwenye kidogo ni wajibu. Kosa ni kuhesabu nusu. Wengi wakiulizwa gharama ya mafunzo hutaja ada, kisha wakanyamaza. Natutwae mfano wa kuwazia, wenye tarakimu nyepesi. Kijana anasoma chuoni miaka 2. Ada yake yote ni shilingi 600,000; spana, jeki na zana nyingine za kuanzia kazi ni shilingi 900,000. Lakini kijana huyo angaliweza kubeba mizigo sokoni kwa shilingi 5,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Kwa miaka 2 ameacha shilingi 3,000,000. Jumla ya alichotoa ni shilingi 4,500,000, na theluthi mbili yake haikuandikwa katika stakabadhi yoyote. Mwenye kumfutia ada amefanya wema, lakini amemwondolea mzigo usiofika sehemu moja ya saba.

Mwenzake amekwenda kuwa mwanagenzi katika gereji ya chini ya mwembe, ambako hapana ada. Hupewa shilingi 2,000 za chakula kila siku, naye hukaa miaka 4 akiosha vyuma, akishika taa na kutumwa spea, kabla hajaaminiwa kufungua injini peke yake. Kila siku anaacha shilingi 3,000. Kwa miaka 4 ni 3,600,000. Na zana zake ni zile zile za 900,000. Jumla yake ni 4,500,000 vilevile. Tarakimu hizi zimepangwa, na maisha hayasawazishi hesabu namna hii. Lakini fundisho lake ni la kweli, kwamba njia isiyo na ada si njia isiyo na bei. Wote wawili, wakiisha kuhitimu, wakipata kila siku shilingi 3,000 zaidi ya ujira wa kubeba mizigo, watahitaji miaka 5 kurudisha walichotoa. Wakizidisha 5,000, watahitaji miaka 3. Hapo ndipo faida inapoanza, wala si siku ya kupewa cheti.

Hesabu ya namna hii si ngeni. Mwaka 1776 Adam Smith alimfananisha mtu aliyefunzwa kwa gharama na muda mwingi na mashine ya thamani kubwa: kazi yake haina budi kurudisha gharama ya kumfunza, pamoja na faida. Mfano huo unafaa mpaka tuulize nani alipe. Mwaka 1964 Gary Becker alionyesha kwamba mwajiri hana sababu ya kugharamia ujuzi ambao mfanyakazi anaweza kuuchukua akaenda nao kwa mwajiri mwingine. Ufundi wa magari ni ujuzi wa namna hiyo: anayeweza kufunga klachi Mwanza aweza kuifunga Tanga. Ndiyo maana mwenye gereji aghalabu humficha mwanagenzi siri ya kazi, akamtuma soda saa ya kurekebisha kilicho kigumu. Anaogopa kujifunzia mshindani. Mwanagenzi naye akitambua hila hiyo huondoka mapema, na kila mmoja humwita mwenziwe mwizi. Si lazima yeyote kati yao awe mbaya. Mapatano yenyewe ndiyo mabaya. Tanzania ilijaribu kulitatua jambo hili kwa sheria ya mwaka 1994, iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na kuweka tozo ya waajiri kwa ajili ya mafunzo. Kwa tozo, mzigo ambao hapana mwajiri mmoja angependa kuubeba hugawanywa juu ya mabega ya wengi.

Husemwa pia kwamba ujuzi hauzeeki. Katika gereji methali hii yataka kufasiriwa kwa uangalifu. Aliyejua kabureta tu ameona magari yakiingia na injini zinazopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta, na baadaye magari yanayoendeshwa kwa petroli na umeme pamoja. Ujuzi wa kipuri huzeeka. Kisichozeeka ni desturi ya kutafuta chanzo. Fundi mmoja hubadilisha vifaa kimoja baada ya kingine mpaka gari liwake, na mteja hulipia kila ubahatishaji. Mwingine hupima, hufikiri, huondoa sababu moja moja, ndipo hushika spana. Mafunzo yanayompa kijana desturi hii yaweza kuwa ghali na bado yakawa na nafuu. Yasiyompa, hata yakiwa bure, yamemwibia miaka.

Mpaka hapa tumehesabu mfuko wa fundi peke yake. Lakini daftari letu lina ukurasa mwingine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakiwa na maji huchemka upesi zaidi. Gari lililojaa watu linapoteremka Kitonga, mkoani Iringa, breki zikishikwa mfululizo hupata moto. Mafuta mabovu yakichemka hutoa mvuke, na kanyagio huzama bila kusimamisha gari. Fundi aliyejua jambo hili, akayabadilisha mafuta kabla ya safari, alilipwa na mwenye gari. Mama aliyekaa kiti cha nyuma na mtoto mapajani hakumlipa kitu, wala hatajua kamwe kwamba alipewa kitu. Kinyume chake, fundi asiyejua alipopokea ujira wake, deni la ujinga wake aliliandika kwa jina la mama huyo.

Hii ndiyo sehemu ya faida isiyoingia katika mshahara, na ndiyo inayobadili hukumu. Kama thamani ya mafunzo ingeishia katika mfuko wa aliyefunzwa, ingekuwa haki agharamie mwenyewe yote. Lakini sehemu yake huwaendea abiria na wapita njia. Apataye faida pasipo kulipa ana deni, hata kama hapana wa kumdai. Kwa hiyo umma kuchangia mafunzo ya fundi si sadaka kwa maskini. Ni kulipa kilichopokewa. Na kwa kuwa mzigo mkubwa ni muda wala si ada, mchango wa kweli ni ule unaomwezesha kijana kula anapojifunza, na unaompima na kumpa cheti aliyejifunzia gereji, kama VETA inavyofanya, ili ujuzi wake usinunuliwe kwa bei ya wabahatishaji.

Fundi naye hakuachwa huru. Mteja hawezi kuuona ubovu ulio ndani ya chuma. Analipia neno la fundi kabla ya kulipia kazi yake. Mashine ya Adam Smith haiwezi kusema uongo, fundi aweza. Kijana na afanye hesabu yake bila aibu: ada, zana, miaka, na ujira utakaokuja. Lakini akubali kwamba amefunzwa pia kwa mali ya wasiomjua, na kwamba riba yao ni moja tu, nayo ni kusema, "Gari hili lisitoke leo," hata siku ambayo kunyamaza kungemlipa zaidi.