Mbegu Ni Amana Mikononi mwa Watoto

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, apasuaye punje na kokwa zikaota. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zangu wa pwani! Wangapi katika sisi walala juu ya vitanda vya mninga, na milango yao ni ya mninga, wala hawajapata kuishika mbegu yake? Mti huo twaujua kwa bei ya ubao tu. Basi na twende kwa fikira hata Mitundu, kusini ya Itigi, katika mkoa wa Singida, penye misitu ya miombo, tukajifunze kwa watoto.

Huko msimu wa mvua ni mmoja kwa mwaka. Mvua ikikoma nyasi hukauka, na katika siku ambazo sisi twaziita kipupwe na demani, mbegu za miti huwa tayari. Maganda ya mtundu, ambao pwani ya Kenya huitwa mrihi, hupasuka juani kwa mlio, yakarusha mbegu mbali. Tunda la mninga ni la duara, lina ubawa mwembamba kama ukingo wa sahani, na katikati lina miiba. Ndani yake mna mbegu moja, au mbili.

Mtoto aokotaye mbegu hizi hujifunza mambo matatu.

La kwanza ni kutazama. Hulichagua tunda zima, akaliacha lililotobolewa na mdudu. Na katika Surat Al-An'am tumejulishwa kwamba hata punje iliyo katika giza la ardhi Mwenyiezi Mungu aijua. Mtoto aliyeinama akaiona punje hiyo hatasahau kwamba naye yuaonwa.

La pili ni kubakisha. Aokotaye zote amemnyima ndege, na ameinyima ardhi. Na Mtume wetu ametufunza, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu apandaye mti, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

La tatu ni subira. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi, kwa miaka kadha wa kadha, hali mizizi yake yazidi nguvu chini. Mwenye haraka hudhani umekufa, akaung'oa. Nasi je, ni watoto wangapi tuliowakatia tamaa, na mizizi yao ilikuwa yakua?

Sasa fahamuni, ndugu zangu. Mninga hautoshi kupasuliwa mbao ila baada ya miaka mingi, na pengine aupandaye hatauona siku hiyo. Basi mti huo ni mali ya nani? Ni mali ya wajao nyuma yetu. Akataye asipande ni kama msimamizi aliyekula mali ya yatima, na mwajua onyo lake katika Surat An-Nisaa. Nao mninga ukikatwa hutoka utomvu mwekundu kama damu.

Atasema mtu: "Huo ni msitu wa bara, wanihusu nini?" Tutamjibu: reli iliyofika Tabora mwaka 1912 yapita Itigi, na ubao wa bara washuka kwetu. Mkono wa anunuaye na mkono wa akataye washika shoka moja.

Basi yatupasa kumwuliza muuzaji ubao wake umetoka wapi, na kama ulikatwa kwa ruhusa. Kisha tuwashike watoto wetu mkono, tukaokote nao mbegu za miti ya kwetu, mbambakofi na mkwaju, na tupande nao. Hata mwenye mche mkononi naye aona Kiyama kinasimama, Mtume amemwamrisha aupande akiweza. Itakuwaje sisi tulio na nafasi?

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kulinda amana, na utuhifadhie watoto wetu. Amin.