Akianguka, Msogeleeni

Wajukuu zangu, huku kwetu Mahenge nimewaona wengi wenye kifafa wakiwa na makovu ya moto, na makovu hayo hayakuletwa na kifafa peke yake. Mtu aliangukia mafigani, waliokuwepo wakaogopa povu na mkojo, wakangoja atulie ndipo wamtoe. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa kula sahani moja. Ni chembe za ubongo zinazofyatua umeme wake kwa fujo, na vyanzo ni vingi: malaria iliyopanda kichwani, shida wakati wa kuzaliwa, pigo la kichwa, mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia kwa mikono michafu. Watafiti wanakihusisha pia na usubi, ule wa nzi weusi wa mitoni.

Basi akianguka, mtoeni penye moto au maji, mlazeni ubavu, wekeni nguo chini ya kichwa, mtazame saa. Msimkandamize. Msimtie kijiko mdomoni. Meno huvunjika bure. Zikipita dakika 5 bado anatikisika, au akianguka tena kabla hajazinduka, hapo ni hospitali, si moshi wa kinyesi cha tembo.

Tena si kila kifafa ni kuanguka. Yuko mtoto anayekodoa macho darasani kwa sekunde chache, haitiki, kisha anaendelea kuandika. Huyo huchapwa kwa uzembe mwaka mzima. Mwalimu akiwaambia mtoto wenu anaota ota, mpelekeni apimwe kabla ya kumkaripia.

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianza kuwatibu watu wa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa fenobarbitali, kidonge cha bei ndogo kinachotumika duniani tangu 1912. Wengi walipata nafuu. Linaloharibu ni hili: miezi ikipita bila kuanguka, familia husema amepona, vidonge vinaachwa ghafla, degedege hurudi mfululizo na huweza kuua. Dawa hupunguzwa na daktari, polepole, na mara nyingi baada ya miaka 2 au zaidi ya utulivu.

Nawe binti unayetumia valproati, dawa nyingine ya kifafa, mwambie daktari kabla hujashika mimba. Inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na zipo dawa nyingine za kubadilishia. Usiiache kimyakimya.